Mama Vidole Kaangusha Mtihani wa Mabosi

Breki aliingia dukani na theluji kwenye kofia, hakuagiza kitu, akasema, "Tumefeli."

Redio, ambaye hapendi habari imfikie akiwa wa pili, aliweka kikombe chini. "Tumefeli nini? Mimi sijafanya mtihani tangu nitoke shule ya masista."

"Mtihani wa mfuko. Akiba ya uzeeni. Bosi kapanda juu ya kreti kule kwenye chumba cha barafu, katutangazia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, Breki. Wengine huwa tunafanya kazi."

Kijiwe chetu ni meza ya pembeni katika duka la donati, ng'ambo ya geti la kiwanda cha Kuzmyak. Kiwanda kinatengeneza pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yanayojazwa viazi na jibini halafu yakafinywa kingo, na ikifika Kwaresima bonde letu lote hili la Pennsylvania halili kitu kingine siku ya Ijumaa. Kwa hiyo mwezi wa tatu kila mtu kiwandani anatembea huku anakimbia, na mapumziko ya mchana ndiyo saa pekee ya kusemana.

Breki jina lake ni Leonard Sopko. Anaendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye baridi, na jina alilipata siku gari lilipokataa kusimama likamfikisha ofisini kwa bosi kupitia ukutani. Redio ni Bernadette, wa meza ya kufinya. Kodi ni Duane, hafanyi kazi kiwandani, anawajazia watu hesabu za kodi kwenye kichumba karibu na kinyozi, na kuanzia Februari mpaka Aprili huwa anaongea kama vile yeye ndiye serikali. Mama Vidole ni Irene, mama mzazi wa bosi Raymond. Anakaribia miaka themanini na bado anakuja siku nne kwa wiki kufinya kingo, kwa mshahara ule ule wa saa wanaolipwa wenzake. Mumewe ndiye aliyeanzisha kiwanda. Alipokufa, hisa zote zilikwenda kwa Raymond, na Mama Vidole akabaki na kigoda chake mezani. Mimi nilistaafu kwenye meza hiyo hiyo. Siku hizi nakuja na sindano zangu za kufumia, nakaa karibu na kipasha joto, nasikiliza.

"Haya, eleza," Redio akamwambia Breki. "Nani kafeli? Maana mimi siweki hata senti kwenye huo mfuko."

"Ndiyo maana tumefeli."

"Mimi?"

"Wewe na wenzako. Bosi anasema wakubwa wameweka sana na sisi tumeweka kidogo, na serikali haitaki. Sasa wakubwa wanarudishiwa hela zao, zinakatwa kodi, na Raymond uso umekuwa kama kiazi kilichosahauliwa kwenye maji."

"Ngoja," Redio akasema. "Mkubwa anarudishiwa hela yake mwenyewe, halafu analia?"

"Analia kabisa. Anasema mwaka huu ikitokea tena, mfuko anaufunga."

Hapo Breki alivua kofia, akakaa. Sauti ikashuka. "Mimi nina magoti mawili mabovu na mfuko mmoja. Mfuko ukifungwa nabaki na magoti."

"Kilichomo ni chako, hakuna wa kukuchukulia," Kodi akamwambia.

"Kilichomo kinatosha kununua kiti cha kukalia uani, Duane. Na si chenye mto."

Kodi alifuta sukari kwenye vidole. Tulijua somo linakuja, maana alisogeza vikombe vya watu.

"Sikilizeni. Serikali inasema hivi. Bwana Raymond, ukitaka kuweka akiba bila kukatwa kodi leo, sawa, lakini mfuko usiwe wa kwako na mkeo tu. Kwa hiyo kila mwaka wanachukua wale wa juu, wanatafuta kila mmoja kaweka sehemu gani ya mshahara wake, wanapata wastani. Halafu wanafanya hivyo hivyo kwenu ninyi wa chini. Wa juu hawaruhusiwi kuwapita wa chini sana. Ninyi mkiweka mbili katika kila mia, wao mwisho wao nne."

"Kwa hiyo bosi anatufunga kamba," Redio akasema, "na sisi tunamfunga kamba."

"Mmefungwa kamba moja."

"Basi ndiyo maana ile pizza."

Breki akagonga meza. "Pizza. Mama yangu, ile pizza."

Ijumaa iliyopita Raymond aliwaita wote kwenye chumba cha kulia, akaleta kijana wa kampuni ya mfuko mwenye viatu visivyojua theluji, awashawishi watu waongeze akiba. Na ili wafurahi, akaagiza pizza za soseji. Ijumaa. Kwaresima. Katika kiwanda ambacho kinaishi kwa sababu watu hawali nyama Ijumaa ya Kwaresima.

"Masanduku yamepangwa hadi dirishani," Redio akasema, "harufu inatuua, na hakuna mkono uliotoka. Yule kijana anauliza, mna maswali? Teresa, mwenzangu mezani, akamuuliza, nani kaagiza hii? Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza na la mwisho."

"Hakuna aliyesaini?" Kodi akauliza.

"Nani asaini kwa mtu anayempeleka motoni?"

"Gene alikula," Mama Vidole akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliongea siku hiyo. Alikuwa anakata donati yake vipande vidogo kwa kisu cha plastiki. Gene ni mwanawe mdogo, anaendesha lori la kupeleka mzigo.

"Gene angekula hata Ijumaa Kuu, Mama, usikasirike," Breki akasema.

"Sikasiriki. Alikula vipande sita. Nilimtazama."

Redio akamgeukia Kodi. "Mimi bado sielewi. Raymond si anaujua huu mtihani miaka yote? Mbona miaka mingine walipita? Safari hii nani kati yao kaingiwa na uroho? Ni Krystal, mke wa bosi, mimi namjua. Mwanamke anayenunua pierogi za dukani usiku wa Krismasi anaweza kufanya lolote."

Tukatazama vikombe vyetu kwa heshima ya Mama Vidole, kwa sababu jambo lile lilitokea mezani kwake mwenyewe, pierogi za kampuni nyingine, na mkwe akasema hazina tofauti. Miaka imepita. Mama Vidole aliendelea kukata donati.

"Anachoweka Krystal hakijai mkono," Breki akasema. "Huyo atakuwa meneja. Yule ana boti."

"Wote hao kawaida wanaweka nne, tano," Kodi akasema. "Jana meneja alikuwa kwangu analia kuhusu kurudishiwa. Kaniambia wastani wa wa juu umeruka mpaka kwenye ishirini na kitu. Hapo lazima kuna mtu mmoja kaweka kama mwendawazimu."

"Wa juu wako wangapi?" Redio akauliza.

"Wachache. Meneja anaingia kwa sababu ya mshahara. Raymond anaingia kwa sababu kiwanda ni chake, hata angejilipa maharage. Krystal anaingia kwa sababu ni mkewe. Sheria inasema mwenye kampuni, mke au mume wake, watoto wake, wajukuu wake, na wazazi wake. Wote hao wanahesabiwa wakubwa, hata kama kazi yao ni kufagia."

"Na ndugu?"

"Ndugu hapana."

"Gene si wa juu?"

"Kwa sheria hii Gene si kitu kwa Raymond. Gene ni wa chini kama ninyi."

"Na Gene haweki hata senti," Breki akasema. "Ananishusha mimi."

Lakini Redio alikuwa ameshasimama kwenye neno lingine. Nilimwona midomo inarudia. Mke, watoto, wajukuu, wazazi. Akageuza shingo polepole. Breki naye akageuza. Mwenye duka, aliyekuwa anafuta kaunta, akaacha kufuta.

Mama Vidole alikuwa anatafuna.

"Mama," Breki akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na paka juu ya paa. "Samahani. Wewe huo mfuko unaujua?"

"Naujua."

"Unaweka?"

"Naweka."

"Kiasi gani, mama yangu?"

"Wote."

"Wote nini?"

"Mshahara. Yule msichana wa ofisini alisema wote kabisa haiwezekani, lazima serikali ikate chake kwanza. Nikamwambia basi utakaobaki. Hundi yangu inakuja na hela ya stempu tu."

Breki aliinamisha kichwa mezani, mabega yakaanza kutikisika. Redio alijifunika uso na kitambaa cha kichwa. Mimi nilipoteza mshono.

"Mama unaishi kwa hela gani?" Kodi akauliza.

"Nina hela ya serikali, na ya marehemu. Nala kidogo. Viazi napewa." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani nimefanya nini?"

Kodi akajaribu kumweleza. "Unajua, Mama, wao hawaangalii dola. Wanaangalia sehemu ya mshahara. Raymond akiweka dola nyingi, kwake ni tano katika mia. Wewe ukiweka kamshahara kako kote, ni tisini katika mia. Halafu wanakujumlisha wewe na Raymond na Krystal na meneja, wanagawanya kwa wanne. Umewabeba wote ukaruka nao."

"Na mimi ndiye ninayerudishiwa?"

"Hapo sasa," Kodi akasema, na mwenyewe akaanza kucheka. "Hapana. Kosa wanalipima kwa sehemu, ila kurudisha wanarudisha kwa dola. Wanaanza na mwenye dola nyingi. Kwa hiyo umekosea wewe, wanarudishiwa Raymond na meneja. Zako hazijaguswa."

"Serikali hii," Breki akasema akiwa bado kifudifudi, "naomba nisiihame kamwe."

"Mama kapandisha juu, Gene kashusha chini," Redio akasema. "Nyumba moja imeua mtihani pande zote mbili."

Mama Vidole peke yake hakucheka. Aliweka kisu chini. "Sasa watanifanyaje?"

Kodi ndiye aliyejaribu. "Kuna njia. Bosi akimwekea kila mfanyakazi tatu katika mia juu ya mshahara, awe anaweka au haweki, mtihani unakufa. Mwaka huu wakubwa wanaweka watakavyo. Na akitoa nne kwa mwaka uliopita, hata ule waliofeli unafutwa, hakuna wa kurudishiwa. Ila hizo ni hela nyingi, Mama, wafanyakazi wako zaidi ya mia. Raymond hawezi..."

"Njia rahisi ni ipi?"

Kodi akatazama kahawa yake. "Rahisi ni wewe uache kuweka. Au uache kazi."

Redio akaacha kucheka. Na mimi nikakumbuka ile meza, mbao zake zimelainika kwa unga kama ngozi ya mtoto, na kigoda cha Irene mwisho wake karibu na dirisha, ambacho hata siku za Jumatano asipokuja hakuna anayekikalia. Pale ndipo mwili wa mumewe ulipolala tukamsubiri daktari. Siku tatu baada ya mazishi alirudi, akakaa, akaanza kufinya. Tulimsogezea unga tu.

Mlango ukalia, Raymond akaingia. Mtu mkubwa, koti halijafungwa, wavu wa nywele bado kichwani kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia.

"Mama."

"Umekula?"

"Mama, kampuni ya mfuko imenipigia. Wamesema tatizo ni mtu mmoja."

"Wamekuambia nani?"

"Wamesema ni mfinyaji." Alivuta kiti kutoka meza nyingine akakaa kwa kukigeuza, mikono juu ya egemeo. "Mama, naomba uache kuweka."

"Mwaka jana ulisimama juu ya kreti ukasema kila mtu aweke kadiri anavyoweza. Mimi naweza wote."

"Nilikuwa nawaambia wao."

"Ulisema kila mtu."

"Alisema kila mtu," Redio akathibitisha.

"Redio, tafadhali. Mama, unakaribia themanini. Unaweka akiba ya nini?"

"Ya uzeeni."

Breki akakohoa ndani ya kikombe.

"Watu mia wanafanya kazi pale," Raymond akasema, "na aliyenisikiliza ni mmoja, na ni mama yangu, na kaniharibia."

"Wengine waliogopa soseji," nikasema mimi. Sijui ilinitokaje.

Raymond akanitazama, akajifuta uso, hapo ndipo mkono ulipogusa wavu, akauvua. Akakaa nao mkononi. Alipoongea tena alikuwa mpole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Basi fanya hivi. Pumzika. Nakutoa kwenye mishahara. Kiwanda ni chako, utakuja utakapo, utatembea, utasalimia watu."

"Nitatembea," Mama Vidole akasema.

"Ndiyo."

"Kama wale wanaoletwa na basi kutazama mashine."

"Sikusema hivyo."

"Na kigoda?"

Raymond akakunja ule wavu mkononi. Redio akasema, "Bosi, ni Kwaresima. Parokia tano zinasubiri mzigo. Mimi sifinyi karibu na kigoda kitupu, nakwambia mapema." Raymond akasema, "Bernadette, sina nguvu na wewe leo," na kwa kweli alionekana hana.

Mama Vidole alikusanya makombo ya donati kwa ncha ya kidole, moja moja, akayaweka kwenye kikaratasi, akakikunja na kukifinya kingo. Kingo zikatoka sawa kama za mashine.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Nitatoka."

"Mama!" Breki akasema.

"Nyamaza, Leonard. Raymond ana shida zake. Nitatoka leo hii." Akaanza kufunga vifungo vya koti. "Ila kuna kitu kimoja. Kazini nilikuwa na wenzangu mchana kutwa. Sasa niko peke yangu ndani ya nyumba ile, na ngazi zile, na magoti haya. Nikianguka nani atajua? Padre alishaniambia niwe karibu na watoto."

Raymond akainua macho.

"Kwa Gene kuna ngazi za nje," Mama Vidole akasema. "Nitakuja kwenu. Kile chumba cha Krystal chenye vioo, cha kurukaruka, kinanitosha. Vioo mtatoa. Na jiko lenu kubwa, nitakuwa nampikia. Nitamfundisha tofauti."

Mwenye duka akaacha tena kufuta kaunta.

"Tofauti ya nini?" Raymond akauliza, ingawa alijua.

"Ya pierogi za nyumbani na za dukani."

Kodi alisogeza kiti kidogo. "Bosi, ile njia ya tatu katika mia..."

"Naijua njia hiyo, Duane. Nimeikataa mara mbili. Unajua ni hela kiasi gani?"

"Mimi nahesabu kodi tu. Chumba cha mazoezi siwezi kukihesabu."

Raymond alisimama, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatafuta glavu ya pili. Akatoka nje na simu. Tulimwona kwenye kioo, amesimama kwenye theluji bila kofia, anaongea, anaeleza kwa mkono. Halafu akaacha kueleza. Halafu akaiondoa simu sikioni akaiweka mbali, na hata sisi ndani tukawa tunasikia kitu kama nyuki kwenye chupa.

"Nampa dakika mbili," Redio akasema.

"Moja," Breki akasema.

Alirudi kabla Breki hajamaliza kusema. Theluji nywele zote. Alisimama mbele ya meza yetu kama mtoto aliyetumwa na mwalimu.

"Tatu katika mia," akasema. "Mwaka huu. Kila mtu."

"Hata asiyeweka?" Redio akauliza.

"Hata wewe."

"Na Gene?"

"Na Gene," Raymond akasema kwa uchungu.

Breki alishika kofia yake kwa mikono miwili, macho yake yakawa yanameta, akajifanya anatazama donati kwenye kabati.

"Na nne," Raymond akaendelea. "Kwa mwaka jana. Krystal kasema ule mtihani ufutwe kabisa, asisikie tena habari yake."

"Tatu na nne?" Kodi akauliza. Nadhani hata serikali iliyomo ndani yake ilishtuka.

"Na kasema Mama aongezewe siku."

Mama Vidole alikuwa ameipata glavu. "Jumatano?"

"Jumatano, Mama. Na Jumamosi ukitaka."

"Jumamosi naenda kutengenezwa nywele," akasema. "Lakini mwambie ana moyo mzuri. Mwambie nimesema hivyo."

King'ora cha kiwanda kikalia. Viti vikavutwa, vikombe vikamalizwa kwa mkupuo mmoja. Breki alipita upande wa Mama Vidole, akainama, akambusu juu ya kilemba, akatoka. Kodi akakumbuka ana mteja. Redio alikuwa ameshavuka barabara, mdomo wazi, anaiwahi meza kabla habari haijapoa.

Mimi nilibaki na sindano zangu dirishani. Mama Vidole alivuka mwisho, taratibu, Raymond amemshika mkono, magoti yanamsumbua sana, kila hatua mbili anasimama apumue. Kwenye geti Raymond akaingia ofisini. Mama Vidole akasubiri mlango ujifunge, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakunja sketi kidogo, akazipanda zile ngazi za chuma za kwenda meza ya kufinya mbili mbili, bila kushika popote.